Tamthilia Aliyoimalizia Dadi

Enzi za kibanda umiza, vile vikumbi vya video vya mitaani, Ujiji nzima haikuwa na mdomo kama wa Dadi. Filamu ikiwekwa, yeye huketi kando ya televisheni na kipaza sauti chake. Wazungu wanasema yao, yeye anawasemea kwa Kiswahili, mwanamume, mwanamke, mtoto, mpaka mbwa. Watu walilipa kumsikiliza Dadi, picha ilikuwa nyongeza tu. Na aliyemwamini kuliko wote ni mkewe Zaitun, mwanika dagaa wa Kibirizi, asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji.

Haya. Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha mchana, binti yao Ikram, aliyekuja likizo kutoka chuo cha ualimu, akaikuta kwenye simu ile tamthilia ya zamani ya inspekta mnene anayetafuna karanga. Akaiunganisha na televisheni ya sebuleni.

"Mama, si ndiyo hii mliyokuwa mnaipenda?"

"Wee! Inspekta Karanga!" Zaitun akacheka mpaka akashika mbavu. "Tafuta ile ya dereva aliyeuawa. Ile ilinifumbua macho mimi, mwanangu. Ilinionyesha adui yangu."

Adui mwenyewe ni Winfrida. Walikuwa mashoga wa kufa na kuzikana, wanaanika dagaa ufukwe mmoja, wanakula sahani moja. Siku moja Winfrida akamvuta pembeni akamwambia: shoga, mumeo nimemwona Buzebazeba, anatoka nyumbani kwa mwanamke, na si mara moja. Zaitun akarudi nyumbani akamuuliza Dadi. Dadi hakugombana wala hakuapa. Alisema tu, "Njoo ukumbini jioni, upumzishe akili."

Jioni ile ikawekwa hiyo ya dereva. Ndani yake mna mke, mume, na rafiki wa mke anayeleta habari kwamba mume ana hawara. Dereva wa mume akauawa. Inspekta alipokaribia kumtaja muuaji, picha ikakwama. Dadi akasema CD imekwaruzika, lakini msijali, mwisho naujua. Akaumalizia kwa mdomo: muuaji ni rafiki! Alimtaka yule mume, akazua uongo ili avunje ndoa, na dereva akamgundua. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Zaitun alitoka pale machozi yanamtoka, ya shukrani, hebu fikiria!

Kesho yake akaenda Kibirizi akamwaga dagaa wa Winfrida mchangani mbele ya wanawake wote. Akamwita mwizi wa waume. Winfrida akainama akaanza kuwaokota. Tangu siku hiyo wanaanika ufukwe uleule bila salamu. Hata mama yake Winfrida alipofariki, Zaitun hakutia mguu msibani, na mama yule ndiye aliyemkanda kwa maji moto alipomzaa Ikram.

Basi wakatazama, Ikram akitafsiri polepole. Walipofika pale ilipokwama, haikukwama. Inspekta akatema ganda la karanga, akavuka sebule, akampita yule rafiki, akamtia pingu mume.

"Rudisha," Zaitun akasema.

Ikram akarudisha. Pingu zikaingia mikono ileile.

"Anasemaje?"

"Anasema dereva ndiye aliyekuwa akimpeleka mume kwa hawara, ndiyo maana mume akamuua, asije akasema. Na huyu rafiki, mama, alisema kweli tangu mwanzo."

Ukumbi mzima ulimpigia makofi Dadi siku ile, na Zaitun alipiga kuliko wote. Alifanywa mjinga hadharani, akalipa na kiingilio!

Dadi akaingia kutoka msikitini, kofia mkononi. Akaitupia macho televisheni, akasimama hapohapo mlangoni.

"Zimeni hiyo," akasema. "Picha za kizamani hizo, zina faida gani?"

"Baba Ikram, keti. Ikram, rudisha tena. Mtafsiri wetu amekuja."

"Mama Ikram..."

"Tafsiri! Huyu anayetiwa pingu, anasema nini?"

Mwanamume aliyewasemea mpaka mbwa akafungua mdomo, akaufunga. Ikram alimtazama baba yake, kisha akainamisha uso kwenye simu.

"Winfrida alisema kweli?" Zaitun akauliza.

Dadi akajikuna shingo. "Yale yalikwisha zamani, mke wangu. Mwanamke mwenyewe alishahama. Mimi nilikuwa naokoa nyumba yetu, si unaona tuko wote mpaka leo? Yamekwisha."

Zaitun akanyanyuka, akajitanda kanga yake, akampita pale mlangoni bila kumgusa.

"Kwako yamekwisha," akasema. "Mimi sikumzika mama yake Winfrida."