Wimbo wa Kuzungushia Chungu

Udongo mbichi wa Ikombe, kwetu ufukweni mwa Ziwa Nyasa, una harufu ya mvua na samaki, na mpaka leo nikiunusa huja aibu kwanza, ndipo mengine yafuate. Nilikuwa na miaka tisa hivi, sina hakika, maana enzi zile za Mwingereza siku zetu za kuzaliwa hazikuandikwa popote. Bibi yangu mzaa mama alifinyanga vyungu vilivyosafiri kwa mtumbwi hadi Itungi kubadilishwa kwa mpunga. Mwaka ule mikono yake ilianza kutetemeka. Ukimpa uji, nusu ulimwagikia nguo. Miguu nayo ikawa inaganda: alifika mlangoni akasimama, anataka kupita na hapiti.

Lakini akikaa kwenye udongo, akazungusha chungu juu ya kigae na kuuimba wimbo wa wafinyanzi, mikono ilitulia. Niliona mwenyewe. Ulikuwa wimbo wa haraka, wa kumcheka mume mvivu, na una maneno mengine ambayo sitayaandika hapa. Hata kizingiti alikivuka kwa wimbo huohuo, mimi nyuma nikimpigia makofi. "Nipigie, mjukuu wangu," alikuwa akisema, "miguu imelala tena."

Mama aliliona jambo kinyume. Kwake, na kwa wanawake wengi waliobatizwa, wimbo ule wa zamani ndio ulioita kitu kinachomtikisa Bibi. Simlaumu sana, hata mimi nisingeweza kumweleza vingine. Akalipeleka kwa mwalimu wa kanisa, naye akaamua Bibi asiikaribie Meza ya Bwana mpaka auache. Bibi aliipenda Meza ile kuliko chakula, basi akauacha. Mwalimu hakuwa mtu mbaya, lazima niseme. Alikuja mwenyewe kumfundisha tenzi za kufinyangia. Ila tenzi zetu tulizivuta polepole mno. Neno moja halijaisha, mkono umeshatikisika mara kumi. Vyungu vikatoka vimepinda, na watu wa mtumbwi wakaanza kuviacha ufukweni.

Mama aliniambia nimchunge. Asubuhi moja nikamkuta Bibi nyuma ya nyumba anauimba kwa sauti ya chini, na mdomo wa chungu unazunguka sawasawa mikononi mwake. Akaniona.

"Utasema?"

Nikajibu kwamba Mama ameniagiza niseme.

"Basi sema. Lakini mwambie na chungu kimetokaje."

Mama aliponiuliza, la wimbo nililisema. La chungu sikulisema. Labda niliogopa, labda nilitaka tu kusifiwa. Nimejiuliza sana na bado sijui. Bibi akafungiwa tena Meza ya Bwana, naye tangu siku ile hakuimba tena, wala wimbo wala tenzi. Udongo wake ulikauka ukapasuka. Mvua zilizofuata hazikumkuta hai, na mwishoni tulimlisha kwa mkono kama mtoto.

Sasa mjukuu wangu ni muuguzi, anaishi Mbugani. Anasema ugonjwa ule unaitwa Parkinson, na kwamba siku hizi wenye nao hukusanywa waimbe pamoja na kutembea kwa kufuata makofi. Hauponi, anasema, ila wengine hupata nafuu kidogo. Alinionyesha kwenye simu wazee wakiimba. Nikamuuliza kama ni lazima uwe wimbo wa dini.

"Wowote, Bibi, mradi una mdundo."

Akanieleza kwa subira, kama mtu anayemfundisha asiyejua. Nikamwacha amalize. Mimi nililijua hilo nikiwa na miaka tisa, niliulizwa, na nikajibu nusu.