Punje ya Sita

Hili lilinitokea mimi mwenyewe, saa tisa mchana, bila tone la rubisi, pombe yetu ya ndizi, tumboni. Ukitaka kupunguza, punguza mengine. Idadi usiiguse, nimeihesabu mara mbili.

Naendesha kijiko, ile mashine ya kuchota na kusukuma, kwenye dampo nje kidogo ya Bukoba. Malori yakimwaga taka, mimi nazisukuma na kuzilaza. Kuna watu sita wanaookota chupa na nyaya humo ndani, na mashine haitakiwi kuwaka mpaka wote watoke. Kuwatoa ni shughuli. Ukipiga honi wanakujibu "nakuja, waitu," yaani nakuja ndugu yetu, na hawaji. Mimi nimewahi kuuza ndizi sokoni Nshamba, najua mtu hasogei bila kuona kitu mkononi. Basi kila zamu nilikuwa nabeba punje sita za akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kwenye kipande cha jani la mgomba. Anayetoka anachukua punje yake. Jani likibaki tupu, watu wametimia, nawasha. Nilijiona nina akili, niamini.

Siku hiyo ilinyesha ile mvua ya kutoka ziwani. Kila mtu alijifunika kiroba kichwani, uso huuoni. Mikono ikaja, punje zikaondoka, jani likawa tupu. Nikahesabu vichwa pale kwenye banda wanakosubiri: sita. Nikapanda, nikawasha, nikainua baketi.

Mtu mmoja akatoka bandani, akasimama mbele ya mashine. Kiroba kichwani kama wenzake, kimefungwa kidevuni kwa ukamba wa mgomba. Ila kilikuwa kikavu. Mvua yote ile, kiroba kikavu. Wewe ungesemaje?

"Toka hapo, bwana. Si umeshapata yako?"

Akafungua kiganja. Punje ilikuwemo.

"Hii si yangu, waitu. Hesabu tena."

"Nimehesabu mara mbili."

"Umehesabu punje, ukahesabu viroba. Watu bado."

Alisema taratibu, injini inanguruma, nami nikasikia kila neno. 

Nikazima. Ufunguo nikauchomoa. Nikasimama kwenye ngazi nikaanza kuita majina. Watano wakaitikia kutoka bandani. Jina la sita, Ma Koku, halikuitikiwa.

Tulimkuta nyuma ya lundo, hatua nne kutoka kwenye baketi. Amechuchumaa shimoni anachomoa shaba kwenye friji bovu, mvua inampiga kirobani, honi hakuisikia.

"Mbona mnanitolea macho?" akauliza. "Na punje yangu iko wapi?"

 Nilipogeuka, yule mtu hayupo. Punje ilikuwa juu ya ngazi ya mashine, kavu.

Nilipomsimulia Ma Koku, aliniuliza jambo moja tu: kiroba kilifungwa kwa kitu gani? Nikamwambia. Akakaa chini palepale kwenye matope.

"Ukamba wa mgomba alikuwa anafunga yeye tu. Huyo tumeokota naye chupa," akasema. "Alifukiwa hapa, enzi za mashine ya kwanza. Dereva aliambiwa wote wametoka."

Siku hizi nabeba punje saba. Mimi sitoi nyongeza, muulize yeyote aliyenunua mkungu kwangu, lakini ya saba naiweka kwenye ngazi kila zamu. Jioni naikuta palepale, hata mvua inyeshe namna gani, haijalowa. Na siwashi kwa punje tena. Naita jina, mwenyewe aitike, afunue uso nimwone. Akiwepo mtu ndani ya taka, ufunguo uko mfukoni mwangu. Wananiona msumbufu.  Ma Koku anapokea yake, anachungulia kwenye ngazi, halafu ananiuliza, "Ya mwenzetu umeweka?"

Nawe unayekaa kwenye usukani, iwe lori, kijiko au mashine ya kubana chupa, idadi ikitimia usiwashe bado. Funua kila kiroba. Mimi nilipata wa kunisimamisha. Mbele ya mashine yako huenda asisimame mtu.