Chati ya Poti Chini ya Picha ya Mzee Magesa

Naikumbuka vizuri siku moja, mwanangu, niliyopiga magoti mbele ya mtoto ambaye hajafikisha hata miaka mitatu, nikamwomba anihurumie. Alikuwa amekaa kwenye poti ya plastiki tangu chai ya asubuhi hadi uji wa saa nne. Nilimwimbia. Nilimimina maji kwenye sufuria ili asikie mlio wake, nikamnywesha mpaka tumbo likajaa. Hakuna kitu. Kisha akasimama, akaivaa ile poti kichwani, akatembea taratibu mpaka kwenye mkeka wangu mpya, akakojoa pale huku ananitazama usoni.

Mtoto huyo ni Magesa, mwanangu wa kwanza, na wakati ule tulikuwa tumepanga hapa hapa Nyasura. Nyinyi mnaolalamika leo kwamba watoto wenu wasumbufu, hebu nyamazeni kidogo mnisikilize.

Nilikuwa nashona kwa Fundi Salum, pale Bunda mjini. Kazi ile niliipenda kweli. Nilipojifungua alinitunzia nafasi, na baadaye akaniruhusu nije na mtoto mgongoni. Lakini mtoto wa mgongoni hushuka akatembea, na Magesa aliposhuka alikwenda moja kwa moja kulowanisha suti ya bwana harusi iliyokuwa imeshakunjwa. Fundi Salum mtu mpole, hakufoka. Alisema tu, "Mama Magesa, nafasi yako naishikilia mpaka Januari. Mtoto akianza chekechea, rudi. Asipoanza nitaweka binti mwingine, unisamehe." Na mwalimu wa chekechea naye aliniambia wazi kwamba mtoto asiyejua kuomba choo hampokei. Kwa hiyo kazi yangu yote ilikuwa inategemea mkojo wa Magesa.

Baba yake alikuwa na ushauri mmoja tu. "Atakua." Nikilia, "Atakua." Nikifua nepi usiku na mchana, "Atakua." Ilibaki kidogo nimrushie ile poti.

Ndipo nikaamua kutengeneza chati. Mwalimu mmoja wa darasa la kwanza, aliyekuja kushonesha gauni, alikuwa amenieleza jinsi anavyowabandikia wanafunzi nyota wakifanya vizuri. Nikachukua kalenda ya mwaka uliopita, nikaigeuza upande mweupe, nikachora mistari. Nikakata nyota kwenye vipande vya vitenge, nikapika uji mzito wa muhogo uwe gundi. Juu niliandika kwa herufi kubwa: MAGESA KAKAA KWENYE POTI. Hapo panabandikwa nyota. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na cha kukusimulia. Lakini nilikuwa nimechoka na nina hasira, nikaongeza mstari wa chini: MAGESA KAJINYEA. Hapo natia doa jeusi la mkaa. Nikaitundika sebuleni, kwenye msumari uleule ulioshika picha ya marehemu baba mkwe, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa hataki tugongelee mwingine.

Na marehemu baba mkwe, mwanangu, ndiye aliyeitwa Magesa. Unajua huku kwetu mtoto akipewa jina la babu anapewa na heshima yake. Mama mkwe alikuwa anamwita mwanangu "mume wangu". Akifika anamsalimia yeye kwanza, na kiti anampisha. Kumsema vibaya mtoto huyo kwa jina lake ni kumsema marehemu. Yote hayo niliyajua, ila akili yangu ilikuwa kwenye cherehani.

Siku za mwanzo Magesa alizifurahia nyota, akapata kadhaa. Kumbe mende nao waliufurahia uji wa muhogo. Kila asubuhi nakuta nyota zimedondoka sakafuni, nafagia. Ukutani yakabaki madoa ya mkaa peke yake, maana mkaa mende hawali.

Mtoto akabadilika. Akiniona nimeshika mkaa anakimbilia nyuma ya mlango. Halafu akaacha kabisa kwenda haja kubwa. Siku zikapita, tumbo likawa gumu, akawa anasimama amebana miguu huku jasho linamtoka, na mimi niko juu yake namfokea akae kwenye poti. Nikiikumbuka sauti yangu ya siku zile najisikia vibaya hadi leo.

Katikati ya vurugu hiyo mama mkwe akaja kututembelea kutoka Suguti, na ndoo yake ya dagaa. Mama huyu alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, basi kila maandishi aliyokutana nayo aliyasoma kwa sauti, hata karatasi ya sabuni. Akaketi, akapokea maji, akainua macho ukutani. "Ma-ge-sa ka-ji-nye-a." Akaitazama picha ya mumewe. Akarudi kwenye chati, akaisoma tena polepole. Mume wangu akakumbuka ghafla kwamba baiskeli yake ina tatizo, akatoka nje.

"Nani ameandika hii?"

"Ni mimi, Mama. Ni ya mtoto."

"Mtoto gani? Mimi naona jina la mume wangu hapo! Magesa alikuwaga anaamua kesi za ng'ombe, watu wanatoka mpaka Bugwema kuja kumsikiliza. Leo umemuandika ukutani amejinyea, na yeye mwenyewe yuko hapo juu anaangalia?"

Nikapiga magoti kuomba msamaha. Nilijua ataichana, na rohoni nikasema bora aichane tuishe. Lakini macho yake yalikuwa yameshahamia mlangoni. Magesa alikuwa amesimama pale, miguu imebana, anaiangalia chati. Mama mkwe akamwita, akampapasa tumbo.

"Hajaenda choo tangu lini?"

Nikamwambia.

"Mama Magesa, huyu hana kichwa ngumu. Huyu anaogopa ukuta."

Hapo nikalia. Nikamweleza habari ya Fundi Salum, ya Januari, ya binti mwingine atakayekaa kwenye cherehani yangu. Nilitegemea anibembeleze. Wapi! "Cherehani ni shida yako wewe," akasema. "Tumbo ni la mtoto. Umemfokea siku zote hizo kwa shida ambayo hata haijui?"

Akaagiza papai lililoiva, akamlisha mjukuu wake kipande baada ya kipande. Akaomba mkasi, akakata ule mstari wa chini, akautia kwenye jiko. Nikadhani mambo yameisha. Akasema, "Na hapo juu futa. Jina la mume wangu halikai hapo. Andika Bibi."

"Bibi, Mama?"

"Si nimesema andika?"

Nikaandika. Akatoka kwenda chooni uani, akarudi amenawa mikono, akasimama mbele yangu. "Nimeenda. Nipe nyota yangu." Nilidhani ananikejeli, lakini uso wake haukuwa na utani hata kidogo. Nikambandikia. Akajipigia vigelegele, mama wa watu, mtu mzima na heshima zake, akacheza pale sebuleni. Jioni akadai nyingine. Magesa aliacha papai lake, akabaki ameduwaa.

"Mume wangu, mimi naenda choo," akamwambia. "Wewe baki."

Kesho yake asubuhi tulisikia kitu kinaburutwa. Magesa alikuwa anaivuta poti yake mpaka katikati ya sebule. Akaketi, akakunja uso, akapiga kelele, "Na mimi!" Mimi na mama mkwe tulishangilia mpaka majirani wakachungulia.

Usidhani mambo yalinyooka siku hiyo. Kaptula mbichi ziliendelea kurudi kwenye mfuko wa shule, na mwalimu alininunia mara nyingi. Lakini Januari alikuwa ameshampokea, nami nikarudi kwenye cherehani yangu.

Magesa huyohuyo sasa ni baba, anaishi Musoma. Binti yake anaitwa Nyangeta, jina la bibi yule aliyedai nyota. Juzi nimekwenda kwao, nikakuta kwenye friji chati waliyoichora wenyewe kwa rangi. Juu nyuso zinacheka. Chini nyuso nyekundu zinalia, na jina la Nyangeta limeandikwa kubwa. Na Magesa ananieleza, simu mkononi, kwamba ni njia mpya! Mtu aliyevaa poti kichwani! Nikaomba mkasi.

Basi mwanangu, sikukatazi. Chati tengeneza, nyota weka nyingi, na gundi nunua dukani. Lakini mstari wa aibu usiuchore, na jina la mtoto usilibandike kwenye kosa lake. Shida ya kazi yako ipeleke kwa wakubwa wenzako, usimtwishe mtoto. Ukiona umemfokea hadi sauti imekauka, keti chini na wewe uingie kwenye mchezo wake.

Mungu akupe subira niliyoikosa mimi, aikaushe mikeka yako, na akupe mama mkwe asiyeona haya kukuchezea sebuleni.

Na kule Musoma, nilipokata ule mstari mwekundu, niliwaambia waandike Bibi. Walicheka sana. Wao ni vijana, hawajui kwamba kwa umri wangu huu, kuamka na kuwahi choo ni kazi inayostahili nyota.