Mkude Mkalimani Amefariki, na Mimi Nilijua

Siamini bado, ndugu zangu wasomaji. Mkude bin Salehe, mkalimani wa daktari hapa Morogoro, tulimzika Alhamisi alasiri. Jumatano usiku, siku moja tu kabla, tulikuwa barazani kwangu Mwembesongo, tunakula wali na ng'onda, ananicheka kwa kuogopa miiba.

Mimi ni karani wa simu hapa stesheni. Habari za misiba ya watu nazipeleka kwa waya kila wiki. Kwa hii yangu, kalamu nimeishika mara tatu nikaiweka chini.

Wengi mlimjua. Kila aliyeshuka kwenye gari la moshi kuja kutibiwa, maneno ya daktari aliyasikia kwa sauti ya Mkude. Daktari husema Kijerumani. Mkude alikigeuza Kiswahili, na kwa wazee wa milimani akakigeuza tena Kiluguru.

Daktari akitaja moyo, wagonjwa walidhani anauliza habari za huzuni au ushujaa. Mkude alikunja ngumi, akaiweka mbele ya kifua cha mgonjwa, akawa anaifumba na kuifumbua. "Ni nyama hii, mama. Inasukuma damu mchana na usiku. Ikichoka, miguu inavimba na pumzi inakuwa fupi."

Kisha aliwaambia wapunguze chumvi, waache tumbaku, pombe wasiizoee, na mwili usikae bure. Na yeyote anayebanwa na kifua akipanda mlima, asimame, apumzike, halafu aje aseme. Asingoje.

Mama mmoja wa Gairo alirudi baada ya mavuno, miguu imenywea, kamletea kikapu kizima cha karanga. Mkude alizigawa zote kwa wagonjwa waliokuwa wamekaa foleni.

Yeye mwenyewe kiko hakikutoka mdomoni. Kitambi chake alikipigapiga akisema mtu wa serikali lazima aonekane anakula.

Baba yake alianguka shambani akipalilia, hakuinuka tena. Mkude alikuwa bado mdogo, na ukoo mzima ulisema karogwa. Alipokwisha kuzoea kazi ya daktari aliniambia kwamba sasa anajua kilichomuua baba yake. Akakunja ngumi, akaitazama.

Mwezi uliopita tulipanda Uluguru kumwamkia mama yake. Siku zote Mkude ndiye anayetangulia. Siku ile alisimama, tukaenda, akasimama tena. Huko juu kulikuwa na ukungu na baridi, lakini jasho lilimtiririka mpaka kanzu ikamganda mgongoni.

Mara ya tatu alikaa kwenye jiwe, mkono kifuani. Aliniambia ni kama mtu amemkalia, na maumivu yanashuka mkono wa kushoto na kupanda mpaka kwenye taya. Tukakaa mpaka yakapita.

Nilimwambia turudi kwa daktari. Akakataa.

"Usimwambie," alisema. "Atanipumzisha kazi. Na wale ninaowaambia waache tumbaku, wataniaminije?"

Akasema atamweleza mwenyewe baada ya Ramadhani. Nikakubali. Tulipofika, mama yake alimtazama usoni akauliza ana nini. Mkude akasema ni mlima tu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nikanyamaza.

Yaliyotokea Alhamisi asubuhi nimesimuliwa na mzee Kunambi, mkulima wa mboga kutoka kijiji cha misheni. Yeye ndiye aliyekuwa mbele ya daktari. Anasema Mkude alikuwa anamweleza habari za moyo, ngumi imekunjwa, mara akaacha katikati ya neno. Akakaa sakafuni taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha.

Daktari akapiga magoti, akawa anasema kwa haraka, kwa sauti kubwa, anaonyesha kabati, anaonyesha mlango. Chumba kilijaa watu, na hakuna hata mmoja aliyeelewa anataka nini. Mzee anasema walibaki wanamtazama Mkude, wanangoja awaambie.

Tangu niliposikia hilo sijalala vizuri.

Siku ya tatu daktari alikuja msibani peke yake. Pale uani watu walikuwa wamekwisha kuanza kunong'ona kwamba Mkude naye karogwa, kama baba yake. Daktari Kiswahili chake ni kidogo. Alinijia mimi, akajigusa kifua, akauliza, "Mkude... huku, maumivu. Alisema?"

Nikamjibu alisema. Aliniambia mimi, yapata mwezi mzima sasa.

Alivua kofia, akakaa mkekani.

Mama yake Mkude alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia. Akaja mpaka nilipokaa.

"Kumbe ulijua, mwanangu?"

"Nilijua, mama."

Nilingoja anifukuze. Ingekuwa haki yake. Yeye alinishika mkono, akaniuliza kama kifua kilimuuma sana. Hilo tu ndilo alilotaka kujua.

Uani minong'ono ikakatika.

Nayaandika haya ili mnaosoma huko mliko, Kilosa, Bagamoyo, Tabora, msifanye nilivyofanya. Ukimwona mwenzako anasimama njiani, ameshika kifua, jasho linamtoka bila jua, usimtunzie siri. Mpeleke. Akikataa, msemee kwa daktari. Hata kama hatakusalimia tena.

Mkude, natamani leo ungekuwa umeninunia. Ungepita mbele ya dirisha langu stesheni bila kugeuka, unamweleza kila mtu kwamba karani wa simu ni mmbeya, hafai kuambiwa neno. Ningekutazama mpaka unapotelea sokoni, na ningeshukuru.

Nisamehe. Lala salama, ndugu yangu, Mungu akupe pumziko ambalo sisi hatukukupa.