Simu Haikukaa Chini

Katika cité ya Musonoi, pale njia ya vumbi inapopinda kuelekea mashimo ya mgodi, wenyewe wanauita mine, mwanamke mmoja anaitwa Kanku anauza makala, makaa ya kupikia, mbele ya nyumba yake. Watu wanamwita Mama Séraphin, kwa jina la mtoto wake, mmoja tu aliyebaki naye. Mimi nashona viatu nikipita mtaa kwa mtaa, kutoka cité hii mpaka ile. Nikifika kwake ananipa kigoda, nakaa karibu na magunia yake. Basi haya ninayoandika, mengine niliyaona, mengine alinisimulia mwenyewe.

Macho yake hayakuzimika siku moja. Presha ya macho iliyala pembeni kwanza, kama panya anavyokula mkate, mpaka pakabaki katikati tundu dogo la mwanga, halafu nalo likafunga. Kazi hakuiacha. Makala aliyajua kwa mlio: ukigonganisha vipande viwili, yale yaliyoiva yanalia kama sahani, na yale mabichi yananyamaza.

Alikuwa na simu ya zamani ya vitufe. Juu ya tano palikuwa na kipele kidogo, na kutoka pale kidole chake kilijua njia ya kwenda kwa kila mtu. Simu ile ilipokufa, Séraphin akamletea hii ya siku hizi, kioo kitupu. Mama alikasirika. Alisema amepewa dirisha, na dirisha ni kitu cha wenye macho. Séraphin hakubishana naye. Aliwasha ile sauti iliyomo ndani yake, inayosoma kila unachogusa, akakaa na mama kwenye mkeka jioni nyingi. Telezesha kidole, sikiliza. Ukisikia unachotaka, gonga mara mbili. Kidole chenye vumbi la makala kioo hakikutii, basi mama alijifunza kukifuta kwanza kwenye kitenge. Mpaka leo kila kitenge chake kina doa jeusi upande wa kuume.

Sauti yenyewe ilikuwa ya Kifaransa. Kiswahili ilikisoma kama mtawa aliyeshuka kwenye ndege jana, basi mama akaipa jina, Masœur Valérie. Akisikia jambo kwenye simu alisema ni Masœur amesema, na alicheka peke yake pale kwenye magunia, wapita njia wakamshangaa.

Halafu Séraphin akaenda Kasaji kuendesha pikipiki, kubeba watu na mizigo mpaka Kisenge. Kila Jumapili baada ya misa alimwandikia mama yake. Angeweza kupiga, lakini aliandika makusudi, ili mama asome. Aliahidi kurudi Pasaka na kutengeneza paa. Mama alikuwa anangojea hilo tu. Paa lilivuja, lakini hakukubali mtu mwingine aliguse.

Kabla ya kuondoka, Séraphin alikuwa amemwingiza mama kwenye groupe ya ukoo, pale wote wanapoandikiana. Mkubwa wa ukoo ni Tata Ngoy, kaka ya marehemu mume wake, anakaa Kolwezi mjini. Siku moja mama alimwambia kwamba yeye pia anasoma. Tata Ngoy akamchekea kwa upole.

"Mama Séraphin, unasoma na nini, na mapua?"

"Na kidole," akajibu.

Watu wakacheka, maneno yakapita. Yeye hakuandika kitu kwenye groupe. Alisikiliza tu.

Sasa, kwetu kifo hakisemwi kwa simu. Hata kijana mwenye simu kubwa anajua hivyo. Wanatumwa wakubwa, batata wa ukoo. Wanaingia, wanapewa viti, wanakaa chini, wanauliza habari za nyumba, wanakunywa maji. Ndipo mkubwa anakohoa na kusema. Na mfiwa naye awe amekaa, ili akianguka, aanguke mikononi mwa watu.

Jumapili moja ujumbe wa Séraphin haukuja. Kesho yake asubuhi nilikuwa pale nikishona kiatu, simu ikalia mfululizo. Mama akafuta kidole, akagusa. Masœur Valérie akasoma, kwa sauti ileile ya kusoma bei ya unga, maneno ya Merdi, mtoto wa Tata Ngoy:

"Séraphin ametutoka. Ni pikipiki, njia ya Kisenge. Musimuambie mama, batata banakuja."

Mwingine akauliza kama mama hayumo kwenye groupe hii. Merdi akajibu, na hilo pia lilisomwa:

"Iko ndani, lakini haone. Muandike tu."

Mama akarudisha kidole juu. Masœur akasoma tena, bila kuchoka, bila kupunguza sauti. Mama akaninyooshea simu.

"Weye uko na macho. Ni bile anasema?"

Nikasoma, ni vilevile Masœur alivyosema. Mimi si mtu wa ukoo, kinywa changu hakikuruhusiwa. Nikamrudishia simu mkononi, na hilo likamtosha.

Nilidhani atalia. Akasema kwa sauti ndogo kwamba akilia sasa majirani watajaa, na Tata Ngoy atakuta kilio kimeanza bila yeye, aibu hiyo atakufa nayo. Akatandika mkeka. Akaniomba nitoe viti. Simu ikalia tena, na safari hii Masœur akasema neno moja tu, "image", kisha kimya.

"Ni picha ya nini?"

Nikamwambia: ni Séraphin juu ya pikipiki, anacheka, amevaa shati ya bluu. Akafuta kidole kwenye kitenge, akakipitisha juu ya kioo, polepole, kutoka ukingo mpaka ukingo. Kioo kilikuwa laini kote.

Batata wakafika jua likiwa juu. Wakakaa, wakaulizia paa, wakaulizia makala. Mama akajibu yote, akawapa maji. Tata Ngoy akakohoa, akakohoa tena. Mama akamsaidia.

"Sema tu, tata. Simu ilishaniambia. Lakini simu haikukaa chini."

Tata Ngoy akaweka kikombe. Akashuka kwenye kiti, akaketi kwenye mkeka kando yake, akamshika mkono wenye vumbi, akasema jina la mtoto. Hapo ndipo mama akaanguka.

Nimepita tena Musonoi mwaka huu. Paa Tata Ngoy alilitengeneza. Katika ukoo wao hakuna tena anayeandika kwamba mama haoni. Lakini simu bado ina majina yote, na kidole chake, kikienda kwa wengine, lazima kipite pale. Masœur Valérie anasema "Séraphin", kama anavyosema majina mengine. Mama anasimamisha kidole kidogo, kisha anakitelezesha mbele.