Konokono wa Sikio la Kulia

Pale mwaloni Kirumba, mitumbwi inaposhushia samaki, enzi za ruksa biashara ilipofunguliwa, wanunuzi wa sangara tulikuwa wengi kama dagaa, lakini mwenye masikio nilikuwa mimi. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Mtumbwi ukiwa bado nukta juu ya maji, nilishaisikiliza injini yake. Iliyobeba samaki inaguna kwa chini kama ng'ombe aliyeshiba. Isiyobeba kitu inalia juu juu. Wenzangu walisubiri mtumbwi uguse mchanga, mimi nimeshaingia maji ya kiunoni na kupatana bei. Shule niliishia darasa la nne. Nyumba yangu ya matofali ya kuchoma imejengwa na masikio.

Basi nikaugua homa ya uti wa mgongo. Nilipopona, sikio la kushoto lilikuwa limekufa, na kwa wiki kadhaa nilitembea nikishika kuta kama mlevi. Kizunguzungu kiliisha. Hofu ikabaki: na la kulia je? Hapo Mwanza walinipiga eksirei ya kawaida, wakaona fuvu tu, zuri, gumu. Daktari mmoja akasema Nairobi kuna eksirei inayozunguka kichwa na kukikata picha nyembamba nyembamba, kama mkate wa slesi, mpaka ndani ya mfupa wa sikio. Nilifunga safari wiki hiyo hiyo, mimi na mke wangu.

Nililazwa kwenye kitanda kinachojisogeza chenyewe, kichwa kikaingia katika tundu la duara. Nikaambiwa nisijitikise. Mashine ikaanza kuunguruma, na mimi kwa mazoea nikaisikiliza. Ilikuwa inalia juu juu. Haina mzigo.

Tulipewa picha kwenye bahasha kubwa, tukaambiwa daktari atazisoma kesho yake. Nani angesubiri kesho? Kule gesti tulikofikia nikazishika dirishani kwenye mwanga. Upande wa kushoto, weupe mtupu. Upande wa kulia, ndani kabisa ya mfupa, kulikuwa na kitu cheusi kidogo kimejikunja.

Mke wangu akasogea. "Baba watoto, hicho nini?"

"Konokono."

Sisi watu wa ziwa konokono tunamfahamu, ndiye mwenye kichocho. Nikapiga hesabu yangu pale pale: amemaliza la kushoto, amehamia la kulia. Mke wangu ni mwalimu, Mhaya wa Bukoba, na mambo ya namna hiyo huyacheka. Akasema konokono hawezi kuishi kichwani mwa mtu. Kisha akaitazama picha tena. Mwisho akauliza taratibu kama huwa nafunika masikio nikiingia majini.

Kesho yake sikungoja hata kukaribishwa kiti. Niliweka kidole juu ya picha nikasema, "Daktari, huyu mtoe leo, kabla hajamaliza kazi."

Daktari akatazama kidole, akanitazama mimi. "Mzee, nikimtoa huyo utakuwa kiziwi kabisa. Huyo ndiye anayesikia."

Hapo nikakaa. Nilimuuliza maswali mpaka wagonjwa wa nje wakaanza kuchungulia. Kumbe kila mtu anazaliwa na konokono wawili, mmoja kila upande, na si wadudu, ni vijitundu vya mfupa vyenye maji ndani. Kando ya kila mmoja kuna pete tatu, kila moja imeelekea upande wake, nazo zina maji. Ndizo zinazokuambia kama umesimama au unaanguka.

"Kwa hiyo kichwani nina ziwa?"

"Tone tu, mzee. Homa ililikausha la kushoto, mfupa ukajaa mahali pake."

"Na huo mfupa hautavuka kuja kulia?"

Akaweka picha mbili kwenye taa, akanionyesha weusi safi wa yule mjikunjo. Akasema kwa homa ile, ungekuwa wa kuja ungeshakuja.

Mke wangu akashusha pumzi. Tangu siku hiyo akiwa na neno hunijia kulia, na akiwa na la kunisema vibaya hupita kushoto.

Niliporudi mwaloni, wenzangu wakaona nasimama upande upande. "Bosi, siku hizi unalitega ziwa kama korongo," mmoja akasema. Nikamwacha acheke. Injini ilikuwa inaguna mahali fulani, nzito, imeshiba, ila kwa sikio moja sikujua inatokea wapi. Nikazungusha kichwa polepole mpaka mguno ukanenepa, nikakunja suruali, nikaingia majini.