Mtoto Aliyeitwa Kabla

Mwanangu anaitwa Naserian. Ila stendi ya Tengeru ukimwita Naserian, hageuki.

Ita "Kabla". Anageuka fasta.

Jina hilo nililileta mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Tulieni niwape mkasa.

Mchana nilikuwa kwenye kiwanda kidogo cha unga wa lishe, jioni nasoma masoko mjini. Mwalimu wetu akatufundisha mchezo wa jukwaani: mwenzako akisema lolote, marufuku kukataa. Unasema "ndiyo, na..." halafu unaongeza lako.

Nikaupeleka nyumbani. Naserian ana miaka mitano, na alikuwa bingwa wa kugoma.

"Tunaenda kuoga?"

"Ndiyo, na sabuni ni keki."

Wiki mbili tu, migomo ikaisha. Nikatamba kwa majirani.

Nikaupeleka na kazini. Mauzo yalikuwa yamelala, bosi wetu Frederick akaitisha kikao, nikawafundisha wote.

Frederick akasema tuweke bango la mtoto aliyekonda. Simel wa mauzo akadakia: ndiyo, na pembeni yake aliyenona. Nikasimama mimi: ndiyo, na tuwaandike KABLA na BAADA.

Nilipigiwa makofi.

"Ndiyo," Frederick akasema, "na mtoto wako uliyekuja naye leo si yuko hapo nje?"

Wote wakanigeukia. Mchezo wenyewe nimeuleta mimi. Nikasema ndiyo. Ile "na" yangu haikutoka.

Naserian hakuwa amekonda, jamani. Mpiga picha akamvua blauzi, akamwambia awe na huzuni. Mtoto akaniangalia. Nikamkubalia kwa kichwa.

"Ndiyo, na navuta mashavu."

Akavuta na tumbo, mpaka mbavu zikahesabika. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Bango likapanda stendi, kubwa kama ukuta wa nyumba. Unga ukaisha stoo. Watoto wa mtaani kwetu wakampa mwanangu jina jipya, na yeye, kwa kuwa hakatai kitu, akaitika.

Koko, bibi yake mzaa baba, alishuka sokoni akaliona. Alipofika kwangu nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Akaweka kibuyu cha maziwa mlangoni.

"Haya ni ya mtoto. Wewe una unga."

Nikamfuata Frederick, nikamsihi alishushe.

"Ndiyo, Mama Naserian," akatabasamu, "na tunaweka jipya. Naserian atakuwa Baada. Wewe nitafutie Kabla mwingine."

Nikaona hapo jina la mwanangu litasafishika. Hata ofisini sijatoka, nikamtumia ujumbe jirani yangu.

Nyumbani nikampakata Naserian. Nikamwambia safari hii picha ni ya kucheka, mashavu yamejaa.

"Twende?"

Nikasubiri "ndiyo, na".

"Hapana."

Miezi mingi sijalisikia neno hilo kinywani mwake.

"Hapana, mama. Nikiwa Baada, Kabla atakuwa nani?"

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Ni mama wa Hope, rafiki yake mwanangu wa mlango wa pili: "Sawa jirani. Hope nimvalishe nini?"

Nilimjibu kwa neno la mwanangu. Kesho yake nikampa Frederick neno hilohilo, na kazi yangu ikaishia hapo.

Bango jipya halikuja. La zamani lipo mpaka leo, limepauka kwa jua, ila sura ya Naserian inaonekana vizuri tu.

Wenzangu mnaosoma masoko jioni na kulea asubuhi: kabla hujamfundisha mtoto kukubali, hakikisha anajua kukataa. Akubishie, akugomee, akuaibishe mbele za wageni. Tangazo likishatoka hulirudishi mfukoni.

Jana pale stendi nilimwita Naserian mara tatu. Kimya. Muuza parachichi akaita Kabla mara moja tu, akageuka.

Kesho nitamwita tena.